Ijara ya Shamba Lisilolimwa

Tarehe 23 Disemba 2025 ilitimia miaka 40 tangu Rais Ronald Reagan wa Marekani alipotia saini sheria ya kilimo iliyoitwa Sheria ya Usalama wa Chakula, na ndani ya sheria hiyo ndefu, iliyojaa habari za bei za ngano, maziwa na pamba, palikuwa na sehemu moja ambayo wengi wa wakati ule waliipita bila ya kuitazama sana, nayo ni ile iliyoiruhusu serikali kumlipa mkulima ijara ya kila mwaka, kwa muda wa miaka 10 hata 15, ili shamba lake asililime tena kwa muda huo, alipande nyasi au miti, na aliache litulie. Mpango huo, unaoitwa Akiba ya Hifadhi, umekuwa miongoni mwa mipango mikubwa kabisa duniani ya kuwarudishia ndege na wanyama makao yao katika ardhi iliyo milki ya watu binafsi, na hikaya yake, pamoja na ugomvi mmoja mkubwa ulioingia hata mahakamani, yastahili kujulikana na kila nchi ambayo wakulima na wanyamapori wake wanagombea udongo mmoja.

Katika kuiandika tarikhi hii nimeegemea kumbukumbu za Wizara ya Kilimo ya Marekani na taarifa za wataalamu wa ndege waliozizunguka nyanda zile msimu hata msimu wakihesabu viota, na kwa kuwa wenye kuhesabu viota ndio walionikinaisha zaidi, msomaji asishangae akiona kuwa habari za ndege zimechukua nafasi kubwa kuliko habari za hazina.

Ardhi tunayoizungumzia ni zile nyanda kuu za katikati ya Marekani, kutoka Texas upande wa kusini hata Dakota upande wa kaskazini, ambazo kabla ya kufikiwa na jembe la chuma zilikuwa mbuga za nyasi zisizo na ukomo, malisho ya makundi ya nyati wa Kimarekani, na nchi ya mataifa ya wenyeji kama vile Walakota na Wacheyenne, waliokuja kuondolewa humo kwa vita na kwa mikataba iliyoandikwa kisha ikavunjwa. Sheria ya mwaka 1862 ilimpa mlowezi ekari 160 kwa sharti la kukaa juu yake na kuilima, hata tukaweza kusema kwa haki kwamba serikali hii inayomlipa mkulima leo asilime ndiyo hiyo hiyo iliyotangulia kumlipa, tena kwa ardhi yenyewe, ili alime. Wakalima, na ngano ilipopanda bei wakati wa Vita Kuu ya Kwanza wakazidi kulima, wakaja na trekta, wakaipindua nchi ambayo mvua zake hazikuwa za kutegemewa, na ukame wa miaka ya 1930 ulipowadia hapakuwa na mzizi wa kuushika udongo. Mwezi Mei 1934 vumbi la nyanda zile lilivuka nusu ya bara, likafika New York na Washington, likatua juu ya merikebu zilizokuwa katika bahari ya Atlantiki.

Inasimuliwa kwamba Hugh Hammond Bennett, mtaalamu wa udongo mzaliwa wa North Carolina, alipokuwa akitoa ushahidi mbele ya kamati ya Seneti mwaka 1935, aliurefusha usemi wake makusudi, kwa kuwa alikuwa na habari ya wingu jingine la vumbi lililokuwa njiani kuja mji mkuu, na lilipofika na kulitia giza anga la mchana, maseneta wakasimama madirishani wakatazama, naye akawa hana tena haja ya hoja. Tarehe 27 Aprili mwaka huo sheria ya kuhifadhi udongo ikatiwa saini.

Vumbi lile lilitufikia hata sisi, ingawa si kwa upepo. Wakuu wa kikoloni wa Afrika Mashariki walizisoma habari za Marekani kwa hofu, wakaona katika vilima vyetu maangamizi kama yale, na kwa miaka iliyofuata wakaja na kampeni za matuta na makinga maji. Lakini pale ambapo mkulima wa Kansas aliitwa ofisini akaonyeshwa cheki, mkulima wa Murang'a na wa Uluguru aliamrishwa achimbe, wala hakulipwa. Mwaka 1947 watu wa Murang'a waliikataa kazi ile, na mwaka 1955 machafuko yakazuka katika milima ya Uluguru kwa sababu ya matuta ya lazima. Udongo uliokuwa ukitetewa huku ulikuwa na thamani sawasawa na wa kule, na mvua iliyoubomoa ilikuwa mvua; tofauti ilikuwa katika heshima aliyopewa mwenye shamba, na tofauti hiyo imeacha kovu katika uhusiano wa wakulima wetu na maofisa wa hifadhi mpaka siku hizi.

Tuirudie Marekani. Mwaka 1956, nafaka ikiwa imejaa maghalani na bei zimeanguka, Rais Dwight Eisenhower alitia saini sheria ya kile kilichoitwa Benki ya Udongo, ambayo sehemu yake moja ilimlipa mkulima aliyekubali kuipumzisha ardhi yake kwa mkataba wa miaka isiyozidi 10. Na kufikia mwaka 1960 zaidi ya ekari milioni 28 zilikuwa zimeingia. Nia ya serikali ilikuwa kupunguza mazao, wala hakuna aliyekuwa akiwafikiria ndege kwa dhati, walakini ndege walikuja. Katika South Dakota yuko fezanti, ndege wa jamii moja na kuku na kwale, mwenye mkia mrefu na rangi za kupendeza, ambaye asili yake ni Asia, na ambaye watu wa jimbo lile wamempenda hata wakamfanya ndege wa jimbo lao. Naye alizaana katika nyasi za Benki ya Udongo mpaka wawindaji wakawa wanasafiri kutoka majimbo ya mbali kumfuata, na wenye nyumba za wageni, mikahawa na vituo vya mafuta wakaanza kuhesabu msimu wake kama mkulima ahesabuvyo mavuno.

Kisha mikataba ikaisha. Haikurefushwa, kwa kuwa walioitunga hawakukusudia zaidi ya kuondoa ziada ya nafaka, na ziada ilipoondoka hawakuona sababu ya kuendelea kulipa. Urusi ya Kisovieti iliponunua ngano kwa wingi mwaka 1972, Waziri wa Kilimo Earl Butz akawahimiza wakulima walime kutoka ua hata ua, wasisaze kitu. Nyasi zikapinduliwa, mikanda ya miti iliyopandwa baada ya vumbi la miaka ya 1930 ikang'olewa mahali pengi, na fezanti wa South Dakota, ambao walikuwa wamekwisha kupungua sana tangu katikati ya miaka ya 1960 mikataba ilipoanza kumalizika, wakakosa pa kujificha. Juhudi iliyochukua miaka mingi kujengwa ilifutika katika misimu michache, kwa sababu mkataba ulikuwa na siku yake ya mwisho na hapakuwa na mtu aliyejiuliza siku hiyo ikifika itakuwaje.

Hali iliyoizaa sheria ya 1985 inajulikana: bei zikaanguka tena, riba ikapanda, wakulima walioambiwa walime ua hata ua wakazama katika madeni, mashamba yakapigwa mnada, na mmomonyoko ukarudi. Safari hii, hata hivyo, watetezi wa udongo, wawindaji na wapenda ndege walikuwa na sauti katika Bunge, na mpango wa Akiba ya Hifadhi ulitungwa kwa ufundi kuliko ule wa kwanza. Mkulima mwenye ardhi iliyo rahisi kumomonyoka hutaja ijara anayoitaka kwa kila ekari. Serikali huitazama, na katika miaka ya mwanzo, ikiwa haikupita kiwango cha mahali hapo, iliikubali. Fauka ya ijara, humlipia nusu ya gharama za kupanda nyasi au miti. Naye huahidi kuwa katika muda wote wa mkataba hatalima, hatavuna, wala hatalisha mifugo juu ya ardhi ile, illa kwa ruhusa maalumu kama wakati wa ukame mkubwa. Hakuna wilaya iliyoruhusiwa kwa kawaida kuingiza zaidi ya robo ya mashamba yake, na sharti hili lilitokana na funzo chungu la Benki ya Udongo, kwani palipopumzishwa mashamba mengi kwa mpigo, muuza mbegu, fundi wa trekta na mwenye ghala la nafaka walikosa riziki, na miji midogo ikabaki na wazee tu. Mikataba ya kwanza iliingiwa mwaka 1986, na katika miaka michache ekari takriban milioni 34 zilikuwa zimeingia.

Hapo mwanzo nyasi nyingi zilizopandwa zilikuwa za kigeni, za aina moja, zilizochaguliwa kwa kuwa ni rahisi na huota upesi, na shamba la namna hiyo huushika udongo vizuri lakini kwa ndege ni nyumba isiyo na chumba. Mambo yalibadilika hususan kwa sheria ya 1996, ambayo iliwapandisha wanyamapori daraja, ikawaweka sawa na udongo na maji katika makusudio ya mpango. Tangu hapo shamba linaloombewa ijara hupewa alama, na mkulima anayekubali kupanda mchanganyiko wa nyasi za asili na maua ya mbuga hupata alama zaidi, na wenye alama nyingi ndio wakubaliwao. Nadhani hii ndiyo hatua iliyokuwa na akili kuliko zote, kwa kuwa haikumlazimisha mtu kitu, nayo iliigeuza mbuga.

Matokeo yalionekana angani. Katika Dakota zote mbili na kaskazini mashariki mwa Montana kuna nchi ya vidimbwi visivyo na idadi vilivyoachwa na barafu ya zamani, na humo ndimo bata mwitu wa Amerika Kaskazini huzaliana kwa wingi. Lakini bata hataki maji peke yake, hutaka na nyasi ndefu kando ya maji za kuficha kiota asionekane na mbweha wala kicheche. Wataalamu wa idara ya samaki na wanyamapori walilinganisha viota katika mashamba ya Akiba na vile vya mashamba yaliyolimwa, wakakadiria kuwa tangu mwanzoni mwa miaka ya 1990 mpango ule uliongeza bata zaidi ya milioni 2 kila mwaka. Fezanti wa South Dakota nao walirudi, wakafikia karibu milioni 12 mwaka 2007, hesabu ambayo haikuwa imeonekana kwa zaidi ya miaka 40. Mwaka huo huo mpango wenyewe ulifika kileleni, ekari milioni 36 na zaidi, eneo ambalo ni kama robo ya Kenya nzima.

Ni hapo hasa, mpango ukiwa katika utukufu wake, ulipozuka ule ugomvi nilioutaja. Serikali ilikuwa imeamuru kwa sheria ya mwaka 2005, na tena kwa nguvu zaidi mwaka 2007, kuwa petroli ichanganywe na ethanoli, ambayo Marekani huitengeneza kwa mahindi. Mahindi yakapanda bei, na mafuriko ya Iowa ya mwezi Juni 2008 yalipokwisha busheli moja ilikuwa imepita dola 7, bei ambayo mfugaji wa ng'ombe au nguruwe hakuwa ameiona maishani mwake. Wafugaji wakalia kwamba wanafilisika hali kuna mamilioni ya ekari za majani yasiyoguswa ng'ambo ya ua. Tayari mwezi Mei 2008, kabla ya mafuriko yale, Waziri wa Kilimo Ed Schafer, ambaye mwenyewe alikuwa gavana wa zamani wa North Dakota, alitangaza kuwa ekari zipatazo milioni 24 za Akiba zaweza kukatwa majani na kulishiwa mifugo mara msimu mkuu wa viota upitapo, na kwamba mkulima atakayefanya hivyo atalipa ada ya dola 75 tu, wala ijara yake haitapunguzwa hata senti moja.

Hilo ndilo lililowaudhi watetezi wa wanyamapori kuliko jingine lolote. Siku zote za nyuma, mkulima aliporuhusiwa kuyakata majani kwa sababu ya ukame, alikatwa sehemu ya ijara, kwa kuwa hapana insafu mtu kulipwa na umma kwa kuacha kitu na wakati huo huo kukiuza. Na zaidi ya fedha, mlipa kodi wa Marekani alikuwa amekwisha kuinunua nyasi ile, ameilipia mwaka baada ya mwaka, kwa ajili ya udongo, maji na wanyama. Shirikisho la Taifa la Wanyamapori, pamoja na washirika wake wa majimboni, likaifikisha wizara mbele ya mahakama ya shirikisho mjini Seattle. Hoja yao haikuwa kwamba majani hayawezi kukatwa abadan. Walidai kwamba serikali haiwezi kubadili matumizi ya ekari milioni 24 kwa tangazo, bila ya kwanza kufanya tathmini ya mazingira ambayo sheria ya mwaka 1969 inaitaka.

Jaji alikuwa John Coughenour, mtu aliyeteuliwa kushika kiti hicho na Reagan yule yule, mwaka 1981. Tarehe 8 Julai 2008 alitoa amri ya zuio la muda, na wizara ikalazimika kuyasimamisha yale iliyoyatangaza. Vilio vikapaa: wapo wafugaji waliokuwa wamekwisha kununua nyaya na nguzo za ua, wamechimba visima, wamekodi mashine, na wengine wamewanunua ng'ombe kwa kutegemea malisho hayo, na wote hao hawakutenda kosa ila kuliamini neno la waziri. Lau jaji angelifuata upande mmoja tu, ima angeliwaangamiza watu hao au angeliiachia serikali ijifanyie ipendavyo. Alichofanya, baada ya kuzisikiliza pande zote mwezi ule ule, kinanifanya nimtaje kwa taadhima: aliihukumu wizara kuwa imekosea, akaizuia kuendelea, lakini wale waliokuwa wamekubaliwa kabla ya zuio akawaacha waendelee, na wale walioomba na wakaweza kuonyesha kuwa wametumia dola 4,500 au zaidi kujitayarisha nao akawafungulia mlango kwa masharti.

Ugomvi ulikuwa na mkia wake. Wenye viwanda vya nyama na wanunuzi wa nafaka walikuwa wakidai zaidi ya majani. Walitaka wakulima waruhusiwe kuitoka mikataba kabla ya muda wake bila ya adhabu, ili walime mahindi. Tarehe 29 Julai Schafer, yule yule aliyeshindwa Seattle, alisimama akakataa. Mkulima aliyeahidi miaka 10 akae miaka 10, au arudishe alicholipwa pamoja na adhabu yake. Sijui kama bei ya mahindi, iliyokuwa imeanza kuteremka, ndiyo iliyompa ujasiri, lakini uamuzi ule ulikuwa sahihi, na ulizinusuru nyasi za ekari nyingi kuliko hukumu yenyewe.

Haukuweza, hata hivyo, kuzinusuru zile zilizofika mwisho wa mkataba kwa njia ya halali. Kila mwaka mikataba ya mamilioni ya ekari ilimalizika, na mkulima aliyepiga hesabu ya ijara ya serikali na hesabu ya mahindi hakuwa na haja ya kufikiri usiku kucha. Bunge nalo, likitafuta pa kubana matumizi, lilikiteremsha kikomo cha mpango katika sheria ya 2014 hata kikafikia ekari milioni 24. Fezanti wa South Dakota walipungua kwa kiasi cha kutisha, mpaka mwezi Disemba 2013 gavana Dennis Daugaard akaitisha mkutano maalumu katika mji wa Huron kuzungumzia makao ya ndege mmoja, jambo ambalo kwa mgeni laweza kuonekana dogo, lakini kwa jimbo linaloishi kwa msimu wa uwindaji lilikuwa jambo la riziki.

Sheria ya 2018 ilikirudisha kikomo hadi ekari milioni 27, ingawa ilizipunguza ijara zenyewe, na haishangazi kuwa kufikia 2021 ardhi iliyomo ilikuwa chini ya ekari milioni 22, na sehemu kubwa ya inayoongezeka siku hizi ni malisho ambayo hayakuwa mashamba na ambayo ng'ombe wanaendelea kulishwa humo. Sheria hiyo muda wake ulikwisha mwaka 2023, ikawa inasogezwa mbele kwa nyongeza za muda mfupi mfupi. Naona vibaya kwamba mpango wa umri na faida kama hizi unaishi kwa kukisia.

Huku kwetu fikra hii si ngeni. Tangu mwaka 2000 wenye ardhi wa Kitengela, kusini mwa Hifadhi ya Nairobi, walianza kulipwa dola 4 kwa ekari kwa mwaka ili wasizungushe ua, wasigawe viwanja na wasiwafukuze nyumbu na pundamilia wapitao. Na katika uwanda wa Simanjiro, Tanzania, kijiji cha Terrat kiliingia mkataba na makampuni ya utalii, kikalipwa kila mwaka kwa kuacha malisho yake yasilimwe. Yote mawili yalianza kwa fedha za wafadhili na wafanyabiashara, serikali ikiwa kando, na ijara ya dola 4 ilipokutana na bei ya kiwanja mlangoni mwa Nairobi, nyaya za ua zilijibu zenyewe. Sheria ya wanyamapori ya Kenya ya mwaka 2013 inaiacha wazi njia ya mikataba ya hifadhi juu ya ardhi ya watu binafsi. Basi wakuu wetu wa wanyamapori, wa Nairobi na wa Dodoma, ambao huja kwa wafugaji na ramani za mapito ya wanyama zilizokwisha kuchorwa, nawasihi waje kwanza na ijara iliyotengwa katika bajeti ya serikali, yenye kulingana na bei ya ardhi ya mahali penyewe, na waisome hukumu ya Seattle kabla ya kumwambia mwenye shamba atie saini.